Glasi Iliyokataa Kuchafuka

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, ambayo nayahitaji kuliko wewe unavyoyahitaji yako yote, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Hakuna neno nililolipaka rangi. Ukinikamata na uongo hata mmoja, kiti changu cha kuegemea, kile cha mbao chenye mto wa ngozi ambacho hakuna kiumbe aliyewahi kukikalia humu ndani ila mimi, ni chako. Beba, nenda nacho. Nimeapa mbele ya mke wangu, na mbele ya mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ambaye anasoma kila ukurasa ninaoumaliza huku akitafuna karanga na kuniachia maganda mezani. Mashahidi ni hao. Sasa tulia.

Kiwandani waliniita Chumvi. Wenye wivu walisema ni kwa sababu ya masimulizi yangu. Mimi nasema ni kwa sababu ya kazi. Nilikuwa mchanganyaji wa dawa ya nusukaputi, ile ya sindano, ambayo ukidungwa unaanza kuhesabu na hufiki mbali. Na dawa ile, kwa taarifa yako, ni chumvi. Haitiwi mchuzini, lakini ni chumvi.

Nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa jinsi nilivyotawala watu wazima kwa glasi na mrija. Dawa yenyewe, ikiwa katika hali yake ya asili, ni asidi. Asidi mkaidi, haitaki maji. Uitie majini, uikoroge mpaka mkono uote sugu, itazama chini ikae kama mgeni aliyenuna. Basi wataalamu wakaona dawa yake ni kuiozesha. Wakaiozesha na sodiamu. Akishaolewa, yule mkaidi anaingia majini bila kusukumwa, maji yanabaki maangavu, ya njano kwa mbali, yenye kaharufu ka kitunguu saumu. Hayo ndiyo yanayopita mshipani.

Ila ndoa yenyewe ni ya mashaka. Maji yale ni makali kama ya sabuni, na adui yake ni kitu chochote chachu. Hata gesi ile iliyomo hewani kidogo tu, gesi ya soda, ikiingia ndani inavunja ndoa palepale: sodiamu inakwenda zake, mkaidi anarudia ukaidi wake, na maji yanageuka kuwa kama ya kuoshea mchele. Kitu hicho hakifai kuingia mshipani mwa mtu unayemsalimia.

Kwa hiyo tulikuwa na kinga mbili. Ya kwanza, tulichanganya unga wa dawa na magadi, yaliyosafishwa lakini magadi ni magadi, ukoo mmoja na yale ya kulainishia maharage. Magadi yanakaa mle kama walinzi wa mlangoni. Gesi ikija wanaikamata wao kwanza, ndoa inasalimika. Ya pili, kabla ya kufunga kichupa, hewa ilifukuzwa kwa naitrojeni kutoka kwenye mtungi, gesi bubu isiyogombana na mtu, kisha kizibo cha mpira kikashindiliwa haraka.

Mimi nilikaa kwenye mizani na pipa la kuchanganyia. Mama Vizibo alikaa mezani akishindilia vizibo. Hakuna mashine iliyomshinda kwa wepesi wa kidole gumba. Fundi Mitungi alibadilisha mitungi ya gesi. Na mwisho wa chumba, mbele ya ubao nusu mweusi nusu mweupe, alikaa shemeji, niliyemwingiza kiwandani kwa heshima yangu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuinua vichupa kimoja kimoja mbele ya taa na kuangalia kama kuna uzi, unywele au kipande cha kioo. Macho yalikuwa ndiyo mshahara wake. Na kwa kazi hiyo, ya koti jeupe, baba wa mchumba wake alikuwa ndiyo kwanza amekubali posa, baada ya kuikataa mara mbili akisema binti yake haolewi na mtu wa kushinda vijiweni.

Kosa la shemeji lilikuwa dogo. Lakini mbu naye ni mdogo.

Kila asubuhi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu walikuwa wakivaa makoti na barakoa huku mimi nikiwasimulia. Siku moja nilikuwa nawaeleza juu ya paka aliyepita dirishani, akanusa unga wangu, akalala. Akalala wee, akalala, alipoamka akakuta ana wajukuu. Watu wameshika mbavu. Shemeji, mguu mmoja ndani ya kifuniko cha kiatu, akainua kichwa.

"Shemeji," akasema, sauti ya adabu kabisa, "huyo paka amelala akapata wajukuu. Sasa wazazi wao aliwazaa saa ngapi?"

Chumba kilianguka. Mama Vizibo, mwenye pumu yake, alicheka mpaka akatafuta kipulizio mkobani. "Chumvi," akasema akifuta machozi, "leo umekutana na maji!"

Unaweza kunichukulia kofia yangu. Unaweza kunichukulia chakula changu. Usinichukulie kicheko changu.

Nilikaa siku kadhaa nikiuguza. Kisha nikaja na kitu kikubwa. Niliwaambia kwamba dawa ile, kwa kuwa mtu akidungwa kidogo ulimi wake hulegea akaropoka mambo yake yote, imezoea ukweli. Imekaa na ukweli mpaka inaujua. Pumzi ya mwongo ikiipitia, inachafuka kwa hasira. Wakaguna. Nikachukua glasi, nikatia dawa kidogo kutoka kwenye kichupa kilichokataliwa kwa kizibo kibovu, nikampa dereva wa gari la mizigo mrija. "Sema hujawahi kumdanganya mkeo. Puliza."

Akapuliza. Glasi ikatanda ukungu, ikawa maziwa.

Aisee! Waliokuwa wamekaa walisimama. Dereva alitoka mle kama mtu aliyevuliwa nguo. Hakuna aliyekumbuka kwamba pumzi ya kila mtu, awe mtakatifu awe mwizi wa kuku, ina gesi ileile ya soda. Angepuliza malaika, ingechafuka. Shemeji peke yake hakuguna. Aliiangalia glasi kwa lile jicho lake la ubaoni.

Jambo hilo likamfikia Madamu.

Madamu alikuwa mkuu wa idara yetu. Mwanamke mwembamba, viatu vyake havikuwa na sauti, na hakuwahi kumwita mtu mara mbili. Mara ya kwanza ukichelewa kuitika, mara ya pili alikuwa akimwita atakayechukua nafasi yako.

Ndipo iliporudi bechi moja, yaani vichupa vyote vya mchanganyiko wa siku moja.

Hospitali walikuwa wameongeza maji ya sindano kwenye vichupa vyetu, na baadhi vikageuka maziwa hapohapo. Wenye akili walivitupa. Mmoja aliyekuwa na haraka aliacha vitulie, akavuta maji ya juu yaliyoonekana safi, yenye dawa kiduchu, akamdunga mgonjwa. Mgonjwa alilala usingizi wa kuazima. Katikati ya kazi, tumbo likiwa wazi kama sanduku la fundi, akafumbua macho, akamtazama daktari, akamuuliza kwa upole: "Umekipata unachokitafuta, au nikusaidie?"

Naona shemeji amekohoa hapa. Akohoe tu. Mgonjwa aliamka, alichosema kila mtu anakisimulia kwa namna yake.

Bechi ile ilikuwa imepita vipimo vyote. Sampuli zilichukuliwa asubuhi, na vya asubuhi vilikuwa safi. Vilivyoharibika vilikuwa vya mchana. Maana yake kuna mtu, mchana ule, mle chumbani, alifanya kitu. Madamu alituuliza wote. Tukajibu kwa sauti moja kama kwaya: si mimi.

"Chumvi," akaniambia, "ile glasi yako."

Ningeweza kumwambia, Madamu, ule ni mzaha. Maneno yalikuwa mdomoni, niliyahisi. Lakini alikuwa ameniita mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kuniita mbele ya watu isipokuwa kunikaripia. Nikasikia mgongo wangu unanyooka wenyewe.

"Glasi ipo, Madamu," nikasema. "Na haijawahi kukosea."

"Vizuri. Atakayekataliwa na dawa anatoka getini leo hii, na nitahakikisha hakuna kiwanda cha dawa kitakachompokea."

Nami, kwa kunogewa, nikapiga kifua: "Mimi mwenyewe ikinikataa, Madamu, uniondoe kwenye mizani, niende nikaoshe chupa mpaka siku ya kustaafu!"

"Nimesikia," akasema.

Niliandaa glasi zangu chumba cha pembeni. Kulia kwenye sinia nikaweka glasi tupu, zimesimama. Kushoto nikaweka nyingine, zimelazwa kifudifudi, na ndani ya kila moja, chini kabisa, nilikuwa nimepaka magadi yaliyoloweshwa nikayakausha. Yakikauka ni kama alama ya maji tu. Umeelewa? Mwenye glasi ya kulia atapuliza, na dawa itachafuka. Mwenye glasi ya kushoto ana jeshi zima la walinzi chini ya dawa yake. Apulize mpaka kesho, itabaki angavu.

Nilikuwa mungu mdogo, mungu wa koti jeupe na vifuniko vya viatu.

Tulikusanyika kwenye meza ndefu ya vizibo. Dirisha moja, taa nyeupe, harufu ya spiriti. Madamu akakaa. Mimi nikasimama nyuma ya sinia. Shemeji alikuwa mwisho wa mstari, mikono nyuma.

Wa kwanza alikuwa Mama Vizibo.

Mkono wangu ulikwenda kulia. Usiniulize. Ungekuwepo siku ile ya paka, ungesikia alivyocheka.

"Sema," Madamu akamwambia.

"Sikuharibu kazi."

"Puliza."

Akapuliza. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, mrija nao unatoa vipovu. Alipuliza kwa moyo wote, masikini, kama mtu anayewasha jiko la watoto, akiamini kwamba kadiri anavyopuliza ndivyo ukweli wake utakavyoonekana. Na kadiri alivyopuliza ndivyo dawa ilivyozidi kuwa nyeupe.

Akauweka mrija chini.

"Madamu," akasema, akihema, "nina pumu. Pumzi yangu si nzuri."

"Ni chafu," Madamu akasema. "Tumeiona."

Akanyoosha mkono akamvua kofia ya kazi kichwani, yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria. Nywele za Mama Vizibo zilikuwa zimelala upande mmoja, na nyingine zilikuwa na mvi ambazo hakuna aliyezijua. Akazishika kwa mikono miwili kana kwamba amevuliwa kitu kingine. Kuna mtu alicheka nyuma. Nadhani nilikuwa mimi. Akatolewa.

"Tuendelee," nikasema. "Huenda walikuwa wawili." Kwa sababu sikuwa nimemfikia niliyekuwa nikimtaka.

Wakapita wengine, nikawapa glasi kwa kadiri ya nyuso zao. Aliyeniamkia vizuri asubuhi, kushoto. Aliyeniita Chumvi bila kutanguliza mzee, kulia, lakini nikamnyang'anya mrija mapema kabla ukungu haujakolea, ili ajue jasho ni nini.

Akafika Fundi Mitungi. Huyu alikuwa akinibeba kwenye pikipiki yake kila siku, kwenda na kurudi. Mkono wangu ulikwenda kushoto kabla sijautuma. Midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi ya msasa.

"Sikuharibu kazi," akasema, akapuliza. Maangavu.

Madamu akamtazama. "Na kuchelewa je? Huwa unachelewa kazini?"

"Mimi? Sichelewi, Madamu. Sijawahi."

Akapuliza tena. Maangavu kama chozi.

Watu walitazamana juu ya barakoa. Fundi alikuwa akichelewa kila siku iliyoumbwa, na mimi nyuma yake kwenye pikipiki. Lakini dawa imesema. Nani atabishana na dawa? Nilimtupia jicho shemeji. Alikuwa haangalii glasi. Alikuwa anaangalia sinia: za kulia zilizosimama, za kushoto zilizolala.

Zamu yake ikafika.

"Shemeji," nikamwambia kwa upendo mkubwa, nikimpa glasi ya kulia. "Usiogope. Mkweli haogopi."

"Siogopi, shemeji," akasema. "Sikuharibu kazi." Akapuliza mara moja tu, pumzi fupi, akanirudishia glasi kabla haijamaliza kugeuka. Ikageukia mkononi mwangu. Maziwa.

"Ubaoni ndipo macho ya kiwanda," Madamu akasema. "Na macho yenyewe ni ya mwongo. Vua koti."

Akaanza kufungua vifungo. Nilimwona anafikiria yule baba mkwe mtarajiwa; vidole vilikuwa vinapitiliza matundu. Hapo, nakuambia kweli, nilipaswa kusikia kitu moyoni. Nilisikia. Nilisikia raha. Nikawaza: haya sasa, uliza paka alizaa saa ngapi.

Kifungo cha mwisho akakiacha.

"Madamu, naondoka. Sina neno. Ila mwamuzi hajapuliza. Mpishi naye aonje."

"Ni haki," Madamu akasema.

Mimi tena? Nilicheka. Nikachukua glasi ya kushoto, ile niliyoipaka magadi kuliko zote, maana nilijua siku ya hatari ipo. Nikatia dawa, nikakoroga kwa mrija, nikatangaza kwa sauti ya mimbari: "Sikuharibu kazi!" Nikapuliza. Angavu. Watu wawili watatu wakanipigia makofi, nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Bado," shemeji akasema. "Glasi hiyohiyo, usiiweke chini. Sasa useme hivi: Mimi ndiye mama mzazi wa huyu shemeji. Nilimbeba tumboni, nikamzaa kwa uchungu."

Kicheko kikapita. Nikacheka nao, huku nikitafuta mahali pa kuiweka glasi.

"Madamu, huu ni utani wa kifamilia tu, tuna kazi..."

"Sema," Madamu akasema.

Nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, nadhani hata ilisaidia. "Mimi ndiye mama mzazi wa huyu shemeji. Nilimbeba tumboni. Nikamzaa kwa uchungu."

"Puliza."

Msomaji wangu, hujaona mtu akiomba aibu. Mimi niliiomba. Nilipuliza nikiomba dawa ichafuke. Nilipuliza kwa mashavu, kwa tumbo, kwa magoti. Vipovu vilikuwa vinaruka mpaka puani. Katika maisha yangu yote sijawahi kuutamani ukungu namna ile. Uzi mmoja tu mweupe ungeniokoa. Macho yalinitoka, sikio moja likaziba. Lakini walinzi niliowaajiri mwenyewe walikuwa chini mle, waaminifu, wengi, wanakamata kila pumzi yangu mlangoni na kuikalisha chini. Glasi ikabaki angavu. Angavu! Ungeisomea gazeti.

Shemeji akapiga magoti mbele yangu, na koti lake la kifungo kimoja.

"Shikamoo mama," akasema.

Akainua uso, akanitazama.

"Mama, mbona hukuninyonyesha?"

Hapo chumba kilipasuka. Ilikuwa mara mbili ya siku ile ya paka, mara kumi. Walicheka mpaka wakajishikilia meza, vizibo vikamwagika vikarukaruka sakafuni kama panzi. Madamu peke yake hakucheka. Alichukua ile glasi mkononi mwangu, akamwaga dawa kwenye sinki, akapitisha kidole chini ya kioo, akakigusisha ulimini.

"Magadi," akasema.

Kisha akachukua glasi ya kulia, akaipitishia kidole. Hakuna kitu. Ya kushoto. Magadi. Aliziangalia safu mbili zile kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye, kisha akamgeukia yule ambaye dawa ilikuwa imemwambia kwamba hajawahi kuchelewa.

"Fundi. Wewe ulipewa ya upande gani?"

Fundi Mitungi hakungoja kuulizwa mara ya pili. Nimeshasema Madamu hakuwa na mara ya pili. Alianza kulia kwa sauti. Mchana ule mtungi wa naitrojeni ulikwisha kazi ikiwa inaendelea, akaona aibu kusimamisha watu. Akaruka ukuta mpaka kiwanda cha soda cha jirani, wale marafiki zake, akaazima mtungi. Rangi ni ileile ya kijivu. Akafunga. "Gesi ni gesi, Madamu," akasema. "Nilijua gesi ni gesi!"

Gesi ya soda! Adui tuliyekuwa tukimfukuza kwenye vichupa, Fundi alikuwa amemleta mabegani, akamkaribisha ndani, Mama Vizibo akamfungia mlango kwa kizibo bila kujua. Unga ukakaa na gesi ile usiku na mchana mpaka walinzi wakachoka. Siku maji yalipotiwa, ndoa ikavunjika.

"Na nilikuwa nataka kusema," Fundi akaendelea, kamasi zinamtoka, "nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu dawa ikanisafisha. Nikasema labda kweli si mimi."

Huyo alitoka getini kabla ya king'ora cha chakula. Mimi Madamu aliniangalia kuanzia vifuniko vya viatu hadi kofia.

"Ulisema utaosha nini?"

"Chupa, Madamu."

"Mpaka lini?"

Nikalipa. Nililipa mpaka siku ya kustaafu, kwenye chumba cha mvuke, glavu ndefu mpaka kwapani, maji ya moto usoni na masika na kiangazi. Shemeji akafunga vifungo vyake, akaoa, na baadaye akakaa kwenye mizani yangu. Usidhani alikuwa na huruma. Kila chupa yenye kidoa cha ukubwa wa jicho la sisimizi aliirudisha kwangu, juu yake amebandika karatasi: "Mama, rudia." Nyumbani dada yake, mke wangu niliyemuoa kwa hiari, akipakua chakula aliita: "Mdogo wangu, mwambie mama yako aje ale."

Lakini mwisho wa yote ulikuwa mzuri. Madamu alimtuma mtu getini siku ileile, Mama Vizibo akaitwa, akarudi ndani, akavalishwa kofia mpya na Madamu mwenyewe kwa mikono miwili. Alipoambiwa habari ya mimi na uzazi wangu alicheka mpaka kipulizio kikaanguka, akanipiga begani akasema, "Wewe Chumvi wewe!" Akakaa kwenye vizibo vyake, na mambo yakaisha.

*

Nilikuwa nimeweka nukta hapo juu. Ghafla nikaona karanga hazitafunwi.

"Shemeji." Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi. "Hapa."

"Hapa nini?"

"Nani alitumwa getini?"

"Mtu. Alitumwa mtu."

"Nilitumwa mimi, shemeji. Unajua nilitumwa mimi. Hakuwepo. Mlinzi alisema amepita amejifunika kichwa kwa mkoba."

"Basi alirudi kesho yake. Wewe kumbukumbu zako..."

"Nilikwenda kwake. Alinifungulia mlango nusu. Nikamweleza yote, glasi, magadi, Fundi, kila kitu. Nilidhani atacheka." Akakung'uta maganda mikononi. "Akaniuliza kitu kimoja tu. Akaniuliza kama pumzi yake inaweza kumdhuru mtoto, maana alikuwa analala kitanda kimoja na mjukuu wake. Nikamwambia hapana, mama, pumzi za watu wote ni sawa. Hakuniamini. Muda wote alikuwa anaongea na mimi ameziba mdomo kwa kitambaa."

Mke wangu, aliyekuwa anakunja nguo, aliacha kukunja.

"Hukuniambia hilo," nikasema.

"Nilikuambia. Pale pale kwenye chumba cha mvuke. Ukasema wanawake wanakuza mambo." Akanisogezea karatasi. "Niliporudi mara ya pili alikuwa amehama. Hakuna aliyemvalisha kofia. Hakukupiga begani. Andika hivyo."

Nikachukua kalamu, nikatafuta mahali pa kuandika hivyo, nikashindwa kuona ni wapi pangefaa. Nikaiweka chini.

"Mume wangu," mke wangu akasema, bila kuinua sauti. "Inuka."

"Kwani..."

"Uliapa mbele yangu. Inuka."

Nikainuka. Mistari hii ya mwisho naiandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye kabati, goti la kushoto linagonga. Shemeji amekaa. Amekaa kwenye kiti changu na mto wa ngozi umemkubali kama vile unamfahamu tangu zamani; amenyoosha miguu, amerudia karanga zake. Nimemwomba anisogezee walau ile stuli iliyo karibu na mguu wake.

"Puliza kwanza, mama," amesema.